Nyongeza za kasi kwenye hachibeki ya michezo: ipi ulipie, ipi uiache

Gari umeshalipenda, lile dogo lenye mlango wa nyuma wa kunyanyuka na injini kali, na rangi umeshachagua. Kisha muuzaji anafungua ukurasa wa nyongeza, na hapo ndipo usingizi unapokata: kifurushi chenye breki kubwa na difu maalumu (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu), shokapu zinazobadilika ugumu, rimu za inchi 19, ekzosi yenye vali, viti vya kubana mbavu. Kila kimoja kina bei yake na sentensi tamu ya kukisifia. Ukijumlisha vyote, bei imepanda kiasi cha kukufikisha kwenye gari la daraja la juu zaidi.

Mimi nimeishi na magari haya madogo yenye hasira kwa miaka mingi. Nimelipia nyongeza ambazo nilizifurahia kila siku niliyoshika usukani, na nimelipia nyingine ambazo baada ya miezi mitatu nilikuwa nimeshasahau kama zipo. Msimamo wangu nautaja mapema: weka pesa kwenye kile ambacho hakiwezi kufungwa baadaye bila kufumua gari, na ambacho utakihisi kwenye kona ya kawaida, katika mwendo wa kawaida. Vingine vinaweza kusubiri, na vingi havistahili hata kusubiriwa. Mwongozo huu unakupitisha kwenye uamuzi huo hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika unavyoendesha, si unavyotamani kuendesha

Chukua wiki mbili kabla ya kusaini chochote. Kila jioni andika mistari miwili mitatu kwenye simu: umeenda wapi, barabara ilikuwaje, nani alikuwa ndani, na mara ngapi ulikanyaga mafuta mpaka mwisho. Andika pia umepita matuta na mashimo mangapi, maana hilo ndilo watu husahau wanapokaa mbele ya picha za gari jekundu linaloinama kwenye kona.

Baada ya wiki mbili utajikuta kwenye moja ya makundi matatu. Kuna anayekaa kwenye foleni siku tano na kupata barabara nzuri ya kona Jumapili. Kuna anayesafiri masafa marefu na familia, anayetaka gari lenye nguvu ya kupita malori salama. Na kuna anayekwenda saketi, yaani kwenye uwanja wa mbio za magari, kweli, mara kadhaa kwa mwaka, na kurudi na tairi zilizoliwa mabegani. Majibu ya hatua zinazofuata yanatofautiana sana kati ya hawa watatu, kwa hiyo kuwa mkweli kwa daftari lako. Kama hujawahi kwenda saketi hata mara moja, usijihesabu kwenye kundi la tatu kwa sababu unapanga kwenda.

Hatua ya 2: Kifungue kifurushi uone kilichomo

Jina la kifurushi halikuambii kitu. Watengenezaji wawili wanaweza kutumia neno lile lile, mmoja akakuuzia vyuma na mwingine akakuuzia mapambo. Angalia mifano hii.

Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha 7, iliyoingia sokoni mwaka 2013, ilikuwa na nguvu za farasi 220. Ukichukua kifurushi chake cha Performance Pack unapata 230. Nguvu ya msokoto, ile inayozungusha magurudumu, ilibaki ile ile, Newtonmita 350, na muda wa kufika kilomita 100 kwa saa ulishuka kutoka sekunde 6.5 hadi 6.4. Mtu akiona namba hizo anafunga ukurasa: nilipie sehemu ya kumi ya sekunde? Lakini ndani ya kifurushi kile kulikuwa na diski za mbele za milimita 340 badala ya 312, pamoja na difu ya mbele inayojifunga kwa kuongozwa na kompyuta. Farasi kumi walikuwa chambo, na mali yenyewe ilikuwa chini ya gari.

Hyundai i30 N ya mwaka 2017 ilikwenda mbali zaidi. Ya kawaida farasi 250, yenye Performance Package 275, na juu ya hapo difu ya kujifunga, breki kubwa, ekzosi yenye vali, na rimu za inchi 19 badala ya 18. Ford Fiesta ST ya 2018 ilifanya kinyume: nguvu haikuongezeka hata farasi mmoja, zilibaki 200. Kifurushi chake kilileta difu ya Quaife, programu ya kuondokea kwa kasi, na taa za kukuonyesha wakati wa kubadilisha gia. Toyota GR Yaris ya 2020 nayo, kwenye masoko ilikouzwa na Circuit Pack, injini haikuguswa. Mnunuzi alipata difu za Torsen mbele na nyuma, rimu nyepesi za kufuliwa, tairi za Michelin Pilot Sport 4S, na springi na shokapu zilizokazwa zaidi.

Kwa hiyo chukua karatasi, uigawe sehemu tatu. Kwanza vyuma: difu, breki, shokapu, rimu. Pili programu: nguvu za ziada, hali za uendeshaji, kuondokea kwa kasi. Tatu vya kuonekana na kusikika: ekzosi, beji, mshono mwekundu kwenye viti, kalipa (vibanio vya breki) zilizopakwa rangi. Kila kilichomo kwenye kifurushi kiandike mahali pake. Kama sehemu ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, umeshapata nusu ya jibu.

Hatua ya 3: Anza na difu, maana ndiyo roho ya jambo hili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo nyongeza isiyoeleweka vizuri na ndiyo inayobadilisha gari kuliko nyingine zote.

Hachibeki nyingi za michezo zinasukumwa na magurudumu ya mbele. Magurudumu hayo hayo ndiyo yanayokata kona na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Difu ya kawaida inagawa msokoto sawa kwa sawa kushoto na kulia. Ukiingia kona, uzito wa gari unalalia gurudumu la nje, la ndani linabaki jepesi. Ukikanyaga mafuta hapo, la ndani linateleza. Na kwa kuwa mgawo ni sawa kwa sawa, la nje nalo halipati zaidi ya kile kidogo ambacho la ndani limeweza kushika. Nguvu zote ulizolipia zinaishia kuchoma mpira wa tairi moja, huku pua ya gari ikienda nje ya mstari uliokusudia.

Watengenezaji wengi hulitibu tatizo hili kwa breki: kompyuta inabana kidogo breki ya gurudumu linaloteleza, na nguvu inapata njia ya kwenda upande wa pili. Kwenye kona moja mbili inafanya kazi vizuri, na dereva wengi hawatahitaji zaidi. Lakini hiyo ni kumzuia farasi huku unamchapa. Ukiendesha kwa nguvu dakika kumi mfululizo, breki za mbele zinapata joto kwa kazi isiyo yao.

Difu ya kujifunga inafanya kazi kwa njia nyingine. Zile za gia, kama Torsen na Quaife, zinapeleka msokoto mwingi zaidi kwa gurudumu lenye mshiko, bila kungoja amri ya kompyuta. Udhaifu wao ni kwamba zinazidisha kile ambacho upande dhaifu umeshika. Gurudumu likinyanyuka kabisa hewani, sifuri ukiizidisha inabaki sifuri. Zile za klachi zinazoongozwa na kompyuta, kama ya Golf na i30 N, zinaweza kubana zenyewe kadiri kompyuta inavyoona inafaa, hata gurudumu moja likiwa hewani.

Nikueleze nilivyolielewa kwa mwili wangu. Niliendesha magari mawili ya aina moja alasiri moja, moja lenye difu na moja lisilo nayo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na lami ilikuwa bado inang'aa. Kona ilikuwa ya kulia, ya kubana, gia ya pili, yenye kamlima kadogo katikati. Kwenye gari la kwanza nilikanyaga mafuta baada ya katikati ya kona. Usukani ukawa mwepesi mkononi, taa ya manjano ya udhibiti wa kuteleza ikawaka na kuzimika, tairi ya ndani ikalia, na gari likaanza kusogea kuelekea mstari wa katikati. Nikaachia mafuta. Kwenye gari la pili nilikanyaga pale pale. Usukani ukawa mzito kidogo, kama mtu ameshika upande wa pili akanisaidia kuuzungusha, na pua ikavutwa ndani ya kona. Sikuachia mafuta, wala taa haikuwaka. Mwendo ulikuwa wa kilomita hamsini na kitu kwa saa, yaani mwendo wa mtu yeyote anayerudi nyumbani. Tangu siku ile sijanunua gari la farasi zaidi ya 200 la magurudumu ya mbele bila kuuliza habari za difu kwanza.

Ina gharama zake. Kwenye barabara yenye mifereji na viraka, difu inayojifunga inaweza kuvuta usukani ukikanyaga mafuta kwa nguvu, kwa hiyo shika kwa mikono miwili. Baadhi zina mafuta yake yenyewe ya kubadilishwa kwa vipindi. Soma kitabu cha huduma kabla ya kununua. Lakini fikiria upande wa pili: kuiongeza baadaye ni kushusha giaboksi, kuifungua, kupanga upya bearingi, na kumpa mtengenezaji sababu ya kukataa dhamana. Ndiyo maana, kwa gari la magurudumu ya mbele lenye farasi 200 na kuendelea, nasema lipia, hata kama hukwenda saketi siku moja. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne haja inapungua, kwa sababu nguvu ina njia nne za kutokea. Hapo difu inakuwa jambo la mtu anayeendesha kwa bidii kweli.

Hatua ya 4: Breki zipime kwa joto, si kwa ukubwa

Kalipa kubwa nyekundu inapendeza nyuma ya rimu, lakini swali ni moja: breki zako zitapata joto kiasi gani?

Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa linabeba nishati ya mwendo ya kama kilojuli 540. Kwenye kilomita 200 kwa saa nishati hiyo haiwi mara mbili bali mara nne. Yote lazima igeuke joto kwenye diski. Ukifunga breki ghafla mara moja barabarani, diski ya kawaida inameza joto hilo bila shida, na kinachoamua utasimama wapi ni tairi. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba diski kubwa peke yake itakusimamisha mapema mbele ya mtoto aliyekatiza barabara. Zile ndogo nazo zina uwezo wa kufikisha tairi kwenye mwisho wa mshiko wake. Diski kubwa inaonyesha thamani yake mara ya kumi, ya kumi na tano, pale joto linapolundikana bila muda wa kupoa: saketi, au mteremko mrefu wa milimani na gari limejaa watu na mizigo.

Kuna dalili mbili za breki zilizochoka kwa joto, na ni vizuri uzitofautishe. Kanyagio likibaki gumu lakini gari halipungui mwendo, ni pedi zimezidiwa. Kanyagio likizama kama sponji mpaka karibu na sakafu, ni mafuta ya breki yamechemka. Hii ya pili ndiyo ya hatari zaidi, na tiba yake ni ya bei ndogo. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yanavuta unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka, na kiwango chake cha chini yakishanyonya unyevu ni nyuzi 155 tu. DOT 5.1 inaanzia 260 ikiwa mpya na 180 ikiwa na unyevu. Kubadilisha mafuta kwa wakati na kufunga pedi bora kunamtosha dereva wa barabarani, na hata anayekwenda saketi mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo kundi la kwanza na la pili wasilipie breki kubwa peke yake. Zikija pamoja na difu, karibu. Kundi la tatu walipie bila kusita, maana kubadilisha kalipa, vishikizo na diski baadaye kunagharimu kuliko kuagiza vikiwa kiwandani. Uliza tu jambo moja kabla: rimu ndogo zitapita juu ya kalipa hizo? Jibu hilo utalihitaji kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Shokapu, rimu na tairi zipige hesabu pamoja

Watu hununua hivi vitu vitatu kimoja kimoja, na hapo ndipo gari linapoharibika. Vinafanya kazi kama familia.

Namba za tairi zitakusaidia. Tairi ya 225/45 R17 ina ukuta wa pembeni wa milimita 101, maana ni asilimia 45 ya upana wa 225. Nenda 225/40 R18, ukuta ni milimita 90. Nenda 235/35 R19, ni milimita 82. Hizo milimita kama kumi na tisa zilizopotea kati ya 17 na 19 ndizo zilizokuwa zinapokea shimo kabla ya rimu. Mimi nilizichukua za inchi 19 kwenye gari moja kwa sababu zilijaza matao ya magurudumu vizuri. Usiku mmoja wa mvua nikaingia shimo lililojaa maji. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama nyundo kwenye chuma cha reli, na kabla ya kufika nyumbani usukani ulikuwa unatetemeka. Rimu ilikunjika kwa ndani na tairi ikapasuka ubavuni. Bei ya rimu moja na tairi moja ilinitosha kununua seti nzima ya tairi za kiwango cha juu za inchi 17.

Rimu kubwa kwa kawaida ni nzito zaidi pia, na uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Shokapu ndiyo inayohangaika kuurudisha chini kila gari linapopita kibonde. Isipokuwa rimu ziwe za kufuliwa, nyepesi kweli kama zile za GR Yaris, kuongeza inchi ni kulipia sura. Sikatai sura, gari ni la kupendeza pia, ila ijue bei yake yote.

Shokapu zinazobadilika ugumu ni habari nyingine, na hapa kundi la pili wanisikilize. Ndani yake kuna vali zinazoongozwa na umeme, zinazofungua au kubana njia ya mafuta, kwa hiyo gari hilo hilo linaweza kuwa laini ukiwa na mama mzazi kiti cha mbele na kuwa kali ukiwa peke yako. Kwa gari moja la kazi zote, nazipenda. Gharama yake inakuja baadaye: zikichoka, kila moja ni ghali kuliko ya kawaida, na fundi wa kubahatisha hazifai. Kama unabadilisha gari kila baada ya miaka mitatu minne, hilo halitakugusa. Kama unakaa na gari miaka kumi, liweke kwenye hesabu leo.

Sasa springi na shokapu ngumu zisizobadilika, zile zinazouzwa kwa majina ya michezo. Renault Mégane R.S. ya 2018 ilitoa chaguo la chasi ya Cup, ngumu kwa asilimia 10 kuliko ile ya kawaida iliyoitwa Sport, pamoja na difu ya Torsen. Kwenye lami laini ni raha tupu. Kwenye lami mbovu, gari gumu kupita kiasi linaruka badala ya kushika, na tairi iliyoko hewani haikati kona. Ugumu hauleti kasi. Mguso wa tairi na barabara ndio unaoleta. Rudi kwenye daftari la hatua ya 1 uhesabu mashimo uliyoyaandika.

Na tairi zenyewe? Kama una bajeti ya nyongeza moja tu na gari tayari lina difu, ziache zote, subiri tairi za kiwandani ziishe, kisha nunua tairi bora kuliko zote za saizi yako. Kila kitu gari linachofanya, kuondoka, kukata kona na kusimama, kinapitia kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono.

Hatua ya 6: Nguvu za ziada zipigie hesabu ya asilimia

Farasi 10 juu ya 220 ni asilimia nne na nusu. Hutazihisi. Farasi 25 juu ya 250 ni asilimia kumi. Hizo utazihisi, lakini kuanzia gia ya tatu, maana kwenye ya kwanza na ya pili magurudumu ya mbele tayari yanapambana kushika barabara.

Nguvu pia ndicho kitu rahisi kuongeza baadaye. Injini za turbo zinaitikia vizuri zikiprogramiwa upya, na kazi yenyewe ni ya saa chache. Hiyo haina maana ukimbilie huko. Kompyuta za mtengenezaji zinaweza kugundua programu ya kigeni na dhamana ya injini ikakataliwa, na kampuni ya bima usipoiarifu inaweza kugoma kulipa siku ya ajali. Nguvu za kiwandani zinakuja na dhamana kamili, mara nyingi na vipoza vilivyopangwa kwa ajili yake. Kwa hiyo kama tofauti ni asilimia kumi au zaidi na imefungwa pamoja na difu, chukua. Kama ni nguvu peke yake, ziache.

Vilivyobaki havihitaji maneno mengi. Ekzosi yenye vali inunue kama sauti inakufurahisha. Haiongezi mwendo wa maana, na uhakikishe kwanza kwamba sauti unayoisikia ndani haitoki kwenye spika. Programu ya kuondokea kwa kasi utaitumia mara tano, kisha klachi itakukumbusha uiache. Viti vya kubana, kaa navyo saa nzima kabla ya kuamua, ukiwa umevaa nguo zako za kawaida na pochi mfukoni. Kiti kinachokushika kwenye kona lakini kinakuua mgongo kwenye safari ni hasara ya kila siku.

Hatua ya 7: Endesha magari mawili siku moja, barabara moja

Usikubali kuendesha gari lenye nyongeza zote peke yake. Muuzaji atakupa hilo kwa sababu linavutia. Omba pia lile la kawaida, siku hiyo hiyo, hata kama itabidi usubiri wiki mbili lipatikane. Ubongo wa mtu unasahau usukani upesi sana. Ukiacha siku tatu katikati, unalinganisha gari na kumbukumbu.

Chagua njia ya dakika ishirini unayoijua, yenye lami mbovu kidogo, mzunguko au kona ya kubana ya gia ya pili, na sehemu ya kwenda mwendo wa barabara kuu. Anza na gari la kawaida. Kabla ya kuondoka pima upepo wa tairi za magari yote mawili, maana tairi zilizojazwa kupita kiasi zitakudanganya kuhusu shokapu.

Kwenye lami mbovu zima redio, usiguse hali za uendeshaji, na sikiliza mwili: kichwa kinatikisika au kimetulia? Mpe usukani mwenzako, kaa nyuma, upite tena. Kiti cha nyuma hakisemi uongo. Kwenye kona ya gia ya pili, ingia kwa mwendo wa kawaida, subiri uone kona inapofunguka, kisha ongeza mafuta taratibu lakini kwa uthabiti. Angalia mambo matatu: usukani unakuwa mwepesi au mzito, taa ya udhibiti inawaka, na gari linabaki kwenye mstari wako au linasogea nje. Fanya mara tatu, si mara moja. Breki zipime mahali salama pasipo na gari nyuma, lakini usitegemee kupata tofauti. Kama nilivyosema, tofauti iko kwenye joto ambalo hutalifikia kwa dakika ishirini.

Ukimaliza, kabla ya kuzungumza na mtu yeyote, andika ulichokihisi kwenye gari la pili ambacho hakikuwepo kwenye la kwanza. Ulichoshindwa kukiandika, usikilipie.

Hatua ya 8: Hesabu ya miaka minne

Bei ya nyongeza kwenye karatasi ni mwanzo tu. Chukua saizi ya tairi ya kila chaguo, uliza bei ya seti ya chapa ile ile, zidisha kwa seti unazotegemea kumaliza. Uliza bei ya diski na pedi za mbele za kila toleo. Piga simu kampuni ya bima na utaje toleo kamili kwa jina, kwa sababu mara nyingine lenye kifurushi linapanda daraja. Kisha angalia matangazo ya magari yaliyotumika ya kizazi kilichopita: wauzaji wanataja kifurushi kwenye mstari wa kwanza, au hawakitaji kabisa? Wakikitaja wote, ujue mnunuzi wa baadaye atauliza, na sehemu ya pesa yako itarudi. Rimu kubwa na mapambo, kwa niliyoyaona, hurudisha kidogo sana.

Hatua ya 9: Thibitisha kwamba umepewa ulichokilipia

Hii inahusu gari jipya, na inahusu zaidi lililotumika, ambako tangazo linasema kifurushi kamili na gari halina. Beji zinanunuliwa dukani na kalipa zinapakwa rangi kwa dakika arobaini.

Omba namba ya chasi na umwambie wakala wa chapa hiyo akutolee orodha ya vilivyofungwa kiwandani. Magari mengi ya Volkswagen na ya chapa ndugu zake yana kibandiko cha misimbo ya vifaa, ambacho hukaa sehemu ya buti na nakala yake kwenye kitabu cha huduma. Piga picha umpe wakala aisome. Kisha chukua futi ya fundi, piga magoti mbele ya gurudumu la mbele injini ikiwa imezimwa na diski zimepoa, na upime diski kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kupitia nafasi za rimu. Kwenye ile Golf ya kizazi cha 7, ukikuta milimita 312 badala ya 340, mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Difu huwezi kuiona, lakini unaweza kuihisi kwenye ile kona ya gia ya pili. Mwambie muuzaji mpite hapo kabla hujatoa pesa.